Barua kwa Mama wa Bwana Harusi

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa ibada ya Kiswahili hapa Muscat. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, naandika nani kahudhuria, nani mgonjwa, nani anarudi nyumbani aombewe safari njema. Walinichagua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Barua niliandika nyingi, za pole na za pongezi. Moja tu ndiyo nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya.

Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Eneo la kanisa lina kumbi na vyumba, na kila lugha ina saa yake. Wahindi huanza asubuhi, Wafilipino wana ukumbi wa juu, na sisi tulipewa chumba cha chini karibu na mabomba ya maji, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Tukichelewa kutoka, wenye zamu ya baadaye walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni na gitaa zao. Wengi wetu tulikuwa wanawake tunaofanya kazi za nyumbani, Watanzania na Wakenya wachache. Kuna waliokuja kila wiki, na kuna waliokuja mara moja kwa mwezi, kadiri matajiri wao walivyowaruhusu.

Aliyetuunganisha ni mama mmoja tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili huko kwao nyanda za juu kusini, na mumewe alikuwa mwinjilisti. Mume alipofariki akaja Oman kupika, ili mtoto wake wa pekee asome. Mtoto akasoma kweli, akapata nafasi Denmark kupitia wamishonari wa huko waliokuwa na hospitali kwao, akawa nesi, akabaki huko huko. Mwalimu naye akabaki jikoni kwa watu, katika nyumba moja ya Madinat Sultan Qaboos, ingawa mwanawe alimwambia mara nyingi aache kazi. Alisema hajui kukaa bure. Alikuwa mfupi, na miwani yake ameifunga kwa uzi wa viatu nyuma ya shingo. Kila Ijumaa, kabla ya ibada, chumba kikiwa bado kitupu, aliwafundisha kipaimara wanawake wazima ambao utotoni hawakupata nafasi.

Mimi nilimjua kwa msiba. Nilikuwa na miezi mitatu tu hapa mama yangu alipofariki, na nyumba niliyoanzia kazi hawakuniruhusu kusafiri. Mwalimu aliwaita akina mama wote waliopata ruhusa siku ile. Wakatandika mikeka katika kile chumba, wakakaa nami alasiri nzima. Alikuwa amepika ugali jikoni kwa tajiri wake, akaubeba kwenye chombo cha kutunza moto. Kisha akaniambia, "Sasa tueleze mama alikuwa mtu gani." Nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Mazishi sikuyaona. Matanga ya mama yangu ni yale.

Naanza na hilo ili ijulikane nilimfanyia nani nilichofanya.

Ijumaa moja mwezi wa tatu, baada ya ibada, Mwalimu aliniomba nimsindikize Matrah. Tulipanda basi tukashuka mbele ya soko.

"Natafuta zawadi ya harusi," akaniambia tulipokuwa tunaingia.

"Ya nani?"

"Ya mwanangu."

Nilipiga kigelegele pale pale kwenye uchochoro, watu wakageuka. Yeye hakucheka. Akapita maduka ya ubani na ya vito vya fedha bila kutazama, akasimama kwenye duka la mashali, yale laini ambayo wanaume wa Kiomani hujifunga kichwani. Mzee mwenye duka alikuwa amekulia Unguja. Alivyotusikia tu akatukaribisha kwa Kiswahili. Mwalimu akachagua shali moja la rangi ya maziwa lenye nakshi za kijani pembeni, kisha akaomba la pili linalofanana nalo kabisa.

"Za mapacha nini?" mzee akauliza.

"Ndiyo," akajibu Mwalimu. "Mapacha."

Nilimtazama. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumridhisha mwenye duka.

Tuliingia kwenye mgahawa wa jirani, akaagiza chai mbili za maziwa. Alikaa muda akiizungusha bilauri yake juu ya meza.

"Mwanangu anaoa," akasema. "Au anaolewa. Sijui niseme lipi, kwa sababu huyo mwenzake ni mwanaume."

Nilishika chai ikaniunguza vidole.

"Kiswahili kimenishinda," akaendelea. "Nimekifundisha miaka yote ile, ubaoni, anaoa, anaolewa, na leo sina kitenzi cha kumsemea mtoto wangu."

"Wanafungia wapi?" nikauliza, kwa kuwa niliona lazima niulize kitu.

"Hapo ndipo panaponiuma. Wangekwenda kwa mkuu wa wilaya ningesema haya ni mambo ya serikali, nikafumba macho. Wanafungia kanisani. Mbele ya madhabahu, na mchungaji amevaa joho. Kanisa lile lile lililomtuma mtu akaja kumbatiza baba yangu."

Alinieleza yale mwanawe aliyomweleza kwa simu. Huko, alisema, kanisa ni la taifa zima. Mtu akibatizwa ni lake, anazaliwa nalo, anazikwa nalo, na bunge lina neno ndani yake. Walibishana juu ya jambo hili miaka mingi, wengine wakaliacha kanisa kwa hasira, mwisho likapita. Mchungaji asiyetaka halazimishwi, anampisha mwenzake.

"Na wewe unaonaje, Mwalimu?"

"Naona hawakupaswa." Hakusita. "Ndoa niliyoifundisha ni ile niliyoifundisha. Siwezi kuibadilisha kwa sababu sasa mtoto ni wangu." Akanywa chai, akaiweka chini. "Lakini amenitumia tiketi."

Wiki chache baadaye alipata viza. Tajiri wake, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, alimpa ruhusa ya siku kumi bila maswali mengi, kwani aliambiwa ni harusi ya mtoto. Mwalimu angeweza kutuambia nasi hivyo hivyo. Angeenda, akarudi, akatuletea picha mbili tatu za kanisa la mawe na maua, na hakuna ambaye angejua. Mimi nilimshauri afanye hivyo. Alikataa.

"Nimewafundisha hawa watu kuungama," alisema. "Nitasimamaje mbele yao na siri?"

Basi Ijumaa iliyofuata, baada ya matangazo, alisimama akawaambia. Alisema kwa maneno machache: mwanawe anafunga ndoa na mwanaume mwenzake, kanisani, na yeye amealikwa, na hajui afanye nini, anaomba wamwombee. Kisha akakaa.

Halafu mwenyekiti wetu akaniambia niandike. Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu wa Mbeya, na mtu mwema. Nilipougua alinipeleka hospitali mara tatu kwa gari la kazini na kujihatarisha. Nasema hivyo kwa sababu hadithi hii ningeweza kuisimulia mkamchukia.

"Andika kwamba mtoto wa Mwalimu anaoa mwanaume," akasema.

"Anaoa au anaolewa?" mtu mmoja nyuma akauliza, na baadhi wakacheka. Mwalimu alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya kitenge. Mimi nikaandika "wanafunga ndoa", nikaona nimeepa.

Walizungumza zaidi ya saa nzima, wenye zamu ya baadaye wakingoja mlangoni. Dada mmoja wa saluni alilia. Alisema yeye alitoka kwenye maisha mabaya kwa mafundisho ya Mwalimu, na kama Mwalimu atakwenda kukaa pale mbele, basi yeye ameshika nini? Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba hatumhukumu kijana, kijana ana Mungu wake. "Ninachosema ni kwamba kanisa si nyumba ya mchungaji wala ya bunge. Haliwezi kubariki kile ambacho halikupewa kukibariki. Wale walituletea Neno. Wakilibadilisha huko walikolitoa, sisi huku tumebaki na nini?" Wengi waliitikia amina.

Kulikuwa na Mkenya mmoja, nesi katika hospitali ya binafsi, ambaye hakuwa mtu wa maneno. Siku ile alisimama. "Huyo kijana kanisa lenu ndilo lililombatiza," alisema. "Alikuwa kwaya ya watoto. Sasa anataka kuahidi mbele ya Mungu kwamba hatamwacha mtu. Mnamwambia akaahidi wapi? Kanisa likimfungia mlango, mnadhani atarudi kuwa mnavyotaka, au ataondoka tu?" Hakuitikiwa na mtu.

Nami nikazungumza. Ningependa kuandika kwamba katibu huandika tu, lakini nilizungumza. Nilisema, "Mwalimu akikaa kiti cha mama wa bwana harusi, atakuwa amekubali kwa niaba yetu sote." Nililiamini neno hilo. Na lilitoka vizuri, kwa ufasaha aliokuwa amenifundisha yeye mwenyewe, maana ndiye aliyenizoesha kusimama na kusema mbele za watu. Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Nakumbuka nilijisikia fahari kidogo.

Ikaamuliwa kwamba akienda, asimame kufundisha mpaka hapo litakapozungumzwa tena. Ikaamuliwa aandikiwe, ili kila kitu kiwe kwa utaratibu. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe ndiye unayejua kumwandikia."

Niliandika barua ile jikoni, katika nyumba ya mtaa wa Ghubra ninakofanya kazi hadi leo. Niliandika, nikachana, nikaandika upya. Si kwamba nilikuwa na mashaka. Nilitaka iwe nzuri. Nilitaka iwe na heshima. Niliweka "mpendwa mama yetu" mwanzoni na "wako katika upendo" mwishoni, na katikati nikaweka yale tuliyoamua.

Jumatano nikaomba ruhusa ya muda wa saa mbili, nikampelekea mwenyewe. Alitoka kwenye mlango wa jikoni na aproni, mikono ina unga. Akaifuta, akaichukua barua, akaisoma pale pale amesimama kivulini mwa ukuta. Aliisoma polepole, kama alivyosoma madaftari yetu. Kisha akatoa kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, akaweka karatasi ukutani, akasahihisha.

"Umeandika 'kusimamisha kufundisha'. Ni 'kuacha kufundisha', au 'kusimama kufundisha'. Ukisema kusimamisha, ni lazima kuwe na anayesimamisha. Nani ananisimamisha?"

Nikapokea kalamu yangu, nikairudisha mfukoni.

"Kwingine ni sawa. Umeandika vizuri." Akaikunja mara nne. "Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula. Alirudi ndani kwa sababu mkate wake ulikuwa tayari kuingia kwenye oveni.

Nilipofika Ghubra, Bibi wa nyumba aliniona. Ni mama wa tajiri wangu, amezaliwa Unguja, na siku nyingi hukaa kiti cha jikoni ili apate mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Nnakuona macho yamevimba," akasema. "Nani kakufanya nini?"

Nikamweleza yote, bila kutaja mtu. Nilitarajia aniunge mkono, na kwa upande mmoja aliniunga.

"Kwetu hilo halina mjadala, mwanangu. Ni haramu, basi. Mambo ya kanisa lenu siyajui." Kisha akakunja uso. "Lakini barua ya nini? Mtu mzima, mjane, mnamjua, mnakaa naye kila Ijumaa. Hakupatikana hata mmoja wa kwenda kukaa naye kitako, mkalia naye, mkasemezana? Mpaka mumwandikie barua kama mtu anayedaiwa kodi?"

Nikasema ulikuwa uamuzi wa kikundi.

"Haya," akasema, akarudi kuchambua mchele wake. Hakunisemesha tena siku ile.

Mwalimu hakwenda. Hakututangazia. Tuliona tu Ijumaa ya kabla ya harusi yuko chumbani saa nane na nusu kama kawaida, na wanafunzi wake wanne, anawafundisha. Mwenyekiti alipomwona, alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Baada ya ibada Mwalimu akaniambia, "Kesho njoo kwangu saa nane mchana. Watairusha kwenye simu. Sitaki kuwa peke yangu."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na mlango wake mwenyewe. Wenye nyumba walikuwa wametoka. Tulikaa kitandani, simu tukaiegemeza kwenye kopo la sukari. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga kelele, akakizima ili asikie, na joto likaingia mara moja. Alikuwa amevaa gauni alilokuwa amelishona kwa ajili ya safari. Hilo sikulitarajia. Alikuwa amejipaka na mafuta.

Kanisa lilikuwa jeupe ndani, lenye dari ya mbao na merikebu ndogo ya kuchonga inayoning'inia katikati. Watu hawakuwa wengi. Mwanawe akaingia na yule mwenzake, mrefu, mwenye ndevu nyekundu, na wote wawili walikuwa wamevaa yale mashali ya Matrah mabegani. Kumbe aliwatumia. Mwalimu akasogeza uso karibu na simu.

"Amelivaa nje ndani," akasema.

Mchungaji alikuwa mwanamke. Alisema kwa Kidenmark, hatukuelewa neno, lakini tulijua ni wapi amefika, kwa sababu utaratibu ni ule ule. Tulijua hapa anawauliza, hapa wanajibu, hapa wanapeana pete. Nilitamani uwe utaratibu mwingine. Ungekuwa mwingine ningeweza kusema hawa wanafanya jambo lao. Mwalimu alikuwa anafuata kwa midomo, kwa Kiswahili, bila sauti. Walipopiga magoti na mchungaji akaweka mikono juu ya vichwa vyao, akaigeuza simu kifudifudi kitandani. Kisha akaiinua tena.

Wakati huo walikuwa wanaimba, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni Kiswahili. Wazungu wale walikuwa wameshika karatasi wanaimba wimbo wetu wa kitabuni, ule wa kumshukuru Mungu wa wazazi, kwa matamshi ya kuchekesha. Mwanawe alikuwa ameuchagua.

"Wanavuta mno," Mwalimu akasema. "Hapo hapavutwi." Hakuimba. Alikuwa anapiga mapigo kwa kidole juu ya goti.

Mwishoni, jamaa za maharusi walisimama pande mbili kuwashika mikono. Upande wa yule mwenye ndevu walikuwepo baba, mama na dada. Upande wa mwanawe alisimama mwanamke mmoja mzee wa Kizungu, mgongo umepinda, anaegemea mkongojo. Mwalimu alimtazama muda mrefu.

"Ni Sista mkunga," akasema. "Alikuwa hospitali yetu. Yeye ndiye aliyenizalisha." Akagusa kioo cha simu kwa kidole. "Alimpokea kwa mikono yake, akampiga tako akalia, akanipa. Na leo amesimama mahali pangu."

Yule bibi alimshika kijana uso kwa mikono miwili, akamwambia kitu. Tulisikia, maana kilikuwa Kiswahili: "Mama yako anakupenda." Kijana akainama begani kwake, na shali likaanguka, na hatukuona zaidi kwa sababu aliyekuwa ameshika simu huko aligeukia maua.

Mwalimu alilia mdomo wazi, kama mtoto. Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile, hata msibani. Nilimshika, na wakati namshika nilijua kwamba ninamshika kwa mkono ule ule ulioandika.

Baada ya nusu saa simu ikaita. Alijifuta, akavaa miwani ndipo akapokea, ingawa haikuwa ya picha.

"Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini, mama?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona anatafuta. Nilikuwa namwombea kwa nguvu zangu zote aseme hongera, mimi niliyemwandikia asiende.

"Umekonda," akasema.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu na vyombo. Kijana akasema, "Sawa, mama." Akasema watazungumza kesho. Hawakuzungumza kesho yake, wala wiki ile.

Ijumaa iliyofuata mwenyekiti alitoa shukrani mbele ya wote kwamba Mwalimu amesimama imara katika jaribu, na watu wakapiga makofi. Yule nesi Mkenya akachukua mkoba wake akatoka, na hakurudi tena. Mwalimu aliinua mkono kama mwanafunzi. "Naomba msinipigie makofi," akasema. Makofi yakapungua, yakafa vibaya, mmoja mmoja.

Alifundisha mwezi mmoja tena, mpaka wanafunzi wake wanne wakapata kipaimara. Kisha akaacha, mwenyewe, bila barua ya mtu. Alisema macho yamechoka. Akawa anakaa nyuma, karibu na mabomba, na tulipoimba hatukumsikia. Mkataba wake ulipokwisha mwaka uliofuata, hakuutia upya, akarudi kwao. Mimi nikarudisha daftari. Mwenyekiti aliniuliza sababu, nikamwambia kazi zimezidi. Naye alijua, kwa sababu aliinamisha kichwa akasema, "Na mimi silali vizuri, dada."

Mwaka jana nilipata likizo, nikaenda kumtembelea kwao. Ni mbali, na kuna baridi. Nilimkuta amevaa sweta mbili, anapukuchua maharage mlangoni. Alifurahi kweli. Alinipikia, akanionyesha kaburi la mumewe, akaniuliza habari za kila mtu kwa zamu.

Nikamuuliza habari za mwanawe.

"Anapiga simu Krismasi na Pasaka," akasema. "Anataka kuja. Anauliza kama waje wote wawili. Mchungaji wa hapa ameshaniambia, kwa wema tu, kwamba akija aje peke yake, ili watu wasisumbuke. Sasa mimi siwezi kumwambia mwanangu njoo peke yako. Na siwezi kumwambia njooni wote. Basi akiniuliza, namwambia mvua zimekuwa nyingi, barabara mbaya." Akapukuchua ganda moja. "Mwaka wa tatu huu barabara ni mbaya."

Nilikuwa nimefika kwa ajili ya neno moja, nikalitoa. Nilimwomba msamaha kwa barua ile, na kwa nilichosema siku ile chumbani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Usinibebeshe na hilo," akasema. "Hukunizuia wewe. Pasipoti nilikuwa nayo mkononi, tiketi nilikuwa nayo. Niliogopa kuwapoteza nyinyi, nikaona yeye ni mtoto, hapotei."

"Na bado unaona kanisa halikupaswa kuwafungisha?"

"Bado. Nimesoma, nimeomba, naona vile vile." Alinitazama juu ya miwani. "Lakini lilikuwepo pale siku ile, limefungua mlango. Mimi sikuwepo. Sasa nitaligombezaje?"

Mimi nami, nikiulizwa, nasema kile nilichokuwa nikisema, ila nasema taratibu zaidi, na mara nyingine namaliza sentensi nikakuta siiamini yote.

Asubuhi alinisindikiza stendi. Alikuwa amenifungia mapea kwenye mfuko, mengi kuliko ninavyoweza kubeba, akamwambia kondakta anipe kiti cha dirishani. Nilipochungulia kumpungia, alikuwa ameshageuka. Alikuwa anapanda mlima kurudi nyumbani, pole pole, mkono mmoja kiunoni, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi.